Pikapu ya Zamani na Hitilafu ya Umeme Inayojificha: Mwongozo Kamili wa Kuitafuta

Gari linazima lenyewe katikati ya mlima. Unavuta breki ya mkono, unafungua boneti, unagusa hiki na kile, na ukirudi kwenye usukani linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Ukilifikisha gereji halionyeshi dalili yoyote. Unashauriwa kubadilisha betri, unabadilisha. Siku chache baadaye linazima tena, safari hii unaambiwa ni alteneta, ile mashine inayochaji betri. Pesa inatoka na hitilafu inabaki palepale. Kuna pikapu nzima kabisa zimeuzwa kwa bei ya kutupa namna hii, na inauma, kwa sababu mara nyingi ubovu wote ulikuwa kwenye kiungo kimoja cha waya.

Mfano ninaoutumia ni Toyota Hilux ya dizeli ya mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi ya 1990, yenye injini ya 2L au 3L (ni majina ya injini, si lita), kwa kuwa bado ziko nyingi barabarani na umeme wake ni rahisi kuufuata. Njia ni ileile kwa Isuzu, Nissan au Land Cruiser ya mizigo. Hakikisha tu kwanza kama gari lako ni la volti 12 au 24. Vipimo vyote humu ni vya volti 12.

Shika jambo moja kabla ya yote: hitilafu ya namna hii hupimwa ikiwepo. Wakati kila kitu kinafanya kazi, hata fundi bingwa mwenye mita ya bei mbaya hapimi kitu. Kwa hiyo kazi yako ni kujua inatokea lini, kuilazimisha itokee mbele yako, kisha kupima waya ukiwa umebeba mzigo wake.

Anza na daftari

Weka daftari ndogo kwenye gari na uandike kila inapotokea. Injini ilikuwa ya moto au baridi? Mvua ilinyesha, au gari limetoka kuoshwa? Barabara ya lami au ya matuta? Ulikuwa umewasha taa, ulikanyaga breki, ulikata kona? Lilikaa kwa muda gani kabla ya kurudi katika hali yake?

Majibu haya hupunguza kazi sana. Ikitokea kwenye matuta, tafuta kilicholegea au waya unaosuguana na chuma. Ikitokea injini ikishapata moto na kuondoka ikipoa, shuku koili (waya uliozungushwa ndani ya kifaa), rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) au kiungo kilichopasuka ambacho joto hukiachanisha. Ikitokea asubuhi yenye umande au baada ya kupita kwenye dimbwi, ni unyevu ndani ya plagi ya waya. Ikitokea unapowasha vitu vingi kwa pamoja, ni erthi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia chuma cha gari) au waya mkuu.

Kuna swali jingine ambalo watu husahau kuliuliza: gari hili limefungwa nini cha ziada? Redio, alamu, spotilaiti, waya wa trela, kifaa cha kulifuatilia gari, swichi ya siri ya kuzuia wizi. Waya wa kiwandani uliolala mahali pake unaweza kumaliza miaka thelathini bila shida. Waya uliomenywa kwa meno, ukasokotwa na kufungwa tepu hauwezi. Ukikuta tepu iliyonata vumbi chini ya dashibodi, anzia hapo kabla ya kushuku kitu chochote cha Toyota.

Vifaa

Huhitaji mashine. Tafuta mita ya dijitali ya kawaida, testa ya taa, balbu ya wati 21 yenye soketi na nyaya mbili, waya mrefu wenye vibano pande zote mbili, brashi ya waya, msasa laini, spana za 10 na 12, na chupa ya kunyunyizia maji. Balbu ndogo ya dashibodi yenye waya wa mita tatu hivi itakufaa kuliko unavyodhani, tutaifikia.

Vua pete na saa ya chuma. Unapofungua betri anza na hasi, unapofunga malizia na hasi. Na kamwe usiweke waya wa shaba au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, wala fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye kifuniko. Fyuzi iko pale ili iungue yenyewe, waya usiungue ukiwa ndani ya zulia.

Hatua ya kwanza: betri na erthi zake

Pima betri gari likiwa limelala kwa saa kadhaa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni kama nusu, 12.0 inakaribia kwisha. Washa injini, pandisha mzunguko kidogo, upime tena: unataka kati ya 13.8 na 14.5. Wakati stata (mota ya kuwashia injini) inazungusha, betri nzima haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6 hivi.

Sasa shika kila kichwa cha betri kwa mkono ujaribu kukizungusha. Kikicheza hata kidogo, huenda umemaliza kazi. Kisipocheza, kivue hata hivyo. Ule unga mweupe au wa kijani unaouona kwa nje ni nusu tu. Mara nyingi ndani, pale risasi inapogusana na risasi, kuna utando mweusi usioonekana mpaka ukifungue. Safisha mpaka ing'ae, kaza, paka grisi juu yake.

Kisha fuata waya wa hasi mpaka unapoishia. Mmoja unakwenda kwenye injini, mwingine kwenye bodi, na kuna mkanda wa erthi unaounganisha injini na bodi au chasisi. Mkanda huu ndio unaosahaulika injini inapofunguliwa na kurudishwa. Usipokuwepo, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, mathalani kupitia kebo ya mafuta au ya klachi, na ndiyo maana ukikuta kebo hizo zina moto au zimeungua plastiki, usihangaike na kebo, tafuta erthi. Fungua kila bolti ya erthi, kwangua rangi na kutu, rudisha na ukaze. Kwenye Toyota, waya mweupe wenye mstari mweusi kwa kawaida ni wa erthi, kwa hiyo ufuate huo popote unapoukuta. Magari ya Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar yanahitaji kazi hii zaidi kuliko ya bara, kwa sababu ya chumvi.

Hatua ya pili: pima waya ukiwa kazini

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo twende taratibu.

Waya una nyuzi nyingi ndani. Tuseme zimekatika zote, umebaki uzi mmoja. Ukiweka mita, itakuonyesha volti 12 safi kabisa, kwa sababu mita yenyewe hainywi umeme wowote wa maana. Ukipima ukinzani itakuambia karibu sifuri. Utasema waya ni mzima. Lakini ukiwasha taa ya wati 55 kwenye waya huohuo, taa inafifia au inazima.

Chukua hesabu ya stata. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05 ni kidogo kiasi kwamba mita ya kawaida haiwezi kukiona. Lakini stata ya dizeli ikitaka ampia 200, omu 0.05 mara 200 ni volti 10. Yaani kupitisha ampia zote 200 kungepoteza volti 10 kati ya 12 kwenye kiungo hicho, kwa hiyo stata haipati umeme inaoutaka. Itagonga tu, haitazunguka.

Kwa hiyo usipime waya uliolala. Pima umeme unaopotea njiani wakati kitu kinafanya kazi:

1. Chomoa waya mwembamba ulio juu ya pampu ya dizeli, ule wa solenoidi ya kukata mafuta (vali ya umeme inayofungua na kufunga njia ya dizeli), ili injini isiwake. Uweke mbali na chuma.
2. Weka mita kwenye volti. Ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri yenyewe, ile risasi, si kibano chake. Ncha nyingine iguse chuma kitupu cha injini.
3. Mtu azungushe stata kwa sekunde chache. Soma mita. Chini ya volti 0.3 ni salama. Ikifika 0.5 au zaidi, erthi ya injini ni mbovu hata kama kwa macho inapendeza.
4. Rudia upande wa chanya: ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri, nyingine kwenye bolti nene ya stata. Isizidi 0.5.
5. Ukipata namba kubwa, sogeza ncha kiungo kimoja baada ya kingine. Pale namba inaporuka ghafla, ubovu uko kati ya sehemu mbili ulizogusa.

Kwa taa, honi na waipa fanya vilevile: washa kitu, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma au waya wa erthi wa kitu hicho. Hapo volti 0.2 ni nyingi tayari. Kipimo hiki kimoja ukikizoea kitakuokoa kuliko vifaa vyote vinavyouzwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam.

Hatua ya tatu: ilazimishe itokee

Washa kinachosumbua, kisha nenda na fungu la nyaya kipande kwa kipande. Tikisa, vuta kidogo, kunja. Usitikise fungu zima kwa pamoja, maana utajua kuna ubovu lakini hutajua wapi. Zingatia sehemu ambazo waya unapinda kila siku au unapita kwenye tundu la chuma: mlangoni, chini ya usukani, kwenye ukuta kati ya injini na kabini, na juu ya chasisi karibu na tairi la akiba.

Gonga rilei kwa mpini wa bisibisi, polepole. Rilei nzima haijali kugongwa. Plagi unayoishuku ivute kwa vidole na kuisukuma. Kisha ifungue uangalie vipini vyake. Kipini kilichogeuka rangi ya kahawia, au plastiki iliyolegea kwa kuyeyuka, ni ushahidi kwamba umeme ulikuwa unapita kwa taabu.

Kama daftari lilisema joto, tumia mashine ya kukaushia nywele kupasha rilei au plagi moja moja. Kama lilisema mvua, nyunyiza maji kidogo mahali pamoja, subiri, halafu sogea. Usimwage ndoo, ukiloweka injini nzima umerudi mwanzo.

Gari linalozima lenyewe

Injini ya dizeli ya zamani ikishawaka haihitaji umeme isipokuwa kitu kimoja: solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu. Ikikosa umeme, dizeli inakatwa na injini inakufa. Hakuna plagi za moto za petroli wala kompyuta ya kulaumu. Ama solenoidi imekosa umeme, ama yenyewe ni mbovu, ama shida ni ya dizeli: hewa kwenye mpira, chujio limeziba.

Kabla ya kufunga chochote, angalia dashibodi gari linapozima. Taa za chaji na oili zikiwaka injini inapokufa ufunguo ukiwa bado kwenye nafasi yake, swichi ya ufunguo kwa kiasi kikubwa inafanya kazi; tafuta kwenye tawi la solenoidi peke yake. Dashibodi nzima ikifa giza pamoja na injini, rudi nyuma: kichwa cha betri, fyuzi kuu zilizo karibu na betri, au swichi ya ufunguo. Swichi hizi huchoka ndani, hasa penye shada la funguo nzito linalobembea kwenye matuta.

Kisha funga taa ya shahidi. Chukua ile balbu ndogo ya dashibodi. Waya mmoja uunganishe kwenye kichwa cha solenoidi, palepale umeme wake unapoingilia, ukiweka fyuzi ndogo ya ampia 2 karibu na hapo. Waya huo uingize kabini, mbali na mkanda wa injini na eksozi. Upande wa pili wa balbu uende kwenye erthi nzuri. Balbu iweke mahali unapoiona ukiendesha. Ufunguo ukiwashwa, balbu inawaka.

Endesha gari kwa kazi zako za kawaida. Siku likizima, usiguse ufunguo kwanza. Angalia balbu. Ikiwa imezima, umeme haukufika: ubovu uko nyuma, kwenye waya. Ikiwa bado inawaka, umeme ulikuwepo na solenoidi au dizeli ndiyo yenye kesi. Hapo zima ufunguo, washa tena, na usikilize kwenye pampu: solenoidi nzima hutoa mlio mfupi, "tik".

Balbu ikikuambia umeme haukufika, hamisha waya wa shahidi nyuma kituo kimoja kila mara. Kwa kawaida umeme unatoka betri, unapita fyuzi kuu, unakwenda swichi ya ufunguo, unapita fyuzi ndogo, unarudi nje ya kabini mpaka kwenye pampu. Na hapa kati ndipo waliofunga swichi ya siri au kifaa cha kufuatilia gari walipoukata waya na kuingiza rilei yao. Naomba utafute hii kwa bidii, hasa kama gari umelinunua kwa mtu. Mwenye gari wa zamani anaweza hata asikumbuke kwamba ipo. Rilei ya bei ndogo iliyoning'inia nyuma ya redio, ikitikisika kila tuta, inatosha kabisa kulizima gari bila sababu inayoonekana.

Stata inayogonga tu

Ukipima kama nilivyoeleza na nyaya zote nene ni nzima, lakini stata mara inazunguka mara inagonga "ta!" na kunyamaza, ndani ya solenoidi ya stata (swichi yake kubwa ya umeme) kuna vipande viwili vya shaba vinavyoguswa na sahani. Kwenye stata za Denso vipande hivi huliwa taratibu, kimoja zaidi ya kingine. Dalili yake: unazungusha ufunguo mara tatu nne inagonga, ya tano inashika kwa nguvu zote. Vipande hivi huuzwa peke yake. Usikubali kununua stata nzima kabla ya kufungua kifuniko hicho na kuviona.

Taa

Pikapu inabeba mchanga, ng'ombe, samaki, na maji yote yanashukia taa za nyuma. Ukikanyaga breki indiketa ikawaka kidogo, au ukiwasha indiketa taa ndogo zikapepesa nayo, usibadilishe swichi wala flasha. Erthi ya taa ya nyuma imekatika na umeme unarudi kwa kupitia balbu jirani. Vuta waya mpya wa erthi kutoka kwenye taa hadi chasisi iliyokwanguliwa, si hadi kwenye bodi ya mizigo yenye kutu.

Taa kubwa za Hilux za zamani zina jambo linalowachanganya hata mafundi. Nyingi huunganishwa ili chanya ifike kwenye balbu moja kwa moja kupitia rilei na fyuzi, na swichi ya usukani ndiyo hukamilisha upande wa erthi. Testa ikiguswa kwenye pini inaweza kuwaka mahali usipotarajia, mtu akadhani waya zimegusana. Kila upande una fyuzi yake, kwa hiyo taa ya kushoto ikifa peke yake, angalia fyuzi na plagi ya kushoto. Zikizima zote mbili kwa pamoja na kurudi ukigusa mkono wa swichi, swichi imechoka ndani.

Fyuzi inayoungua mara mojamoja

Usiendelee kuichomeka mpya. Toa fyuzi, na mahali pake unganisha ile balbu ya wati 21. Chomoa au zima vyote vinavyotumia fyuzi hiyo. Balbu ikiwaka kwa mwanga wote, waya umegusa chuma mahali fulani, na balbu yenyewe inauzuia umeme usizidi ampia 2 hivi, kwa hiyo waya hauungui. Sasa tembea na fungu la nyaya ukilisogeza. Balbu inapozima, umeshika mahali penyewe.

Chaji inayopotea na betri inayokufa usiku

Hilux ya dizeli ina pampu ya vakyumu ya breki mgongoni mwa alteneta, nayo hulainishwa na oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili huingia kwenye alteneta na kulowesha makaboni (vipande vinavyosugua na kupitisha umeme ndani yake). Chaji inakuja na kuondoka, na taa ya chaji inawaka kwa mwanga hafifu. Ukiona oili nyuma ya alteneta, makaboni mapya peke yake hayatadumu; badilisha na sili. Angalia pia plagi ndogo ya nyaya nyembamba mgongoni mwake, maana bila umeme wa plagi ile alteneta haifanyi kazi yake.

Kuna tabia ya kuvua kichwa cha betri injini ikiwaka ili kupima alteneta. Acheni. Volti huweza kuruka juu ghafla na kuua diodi (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu) za alteneta iliyokuwa nzima, pamoja na redio.

Kwa betri inayokufa usiku, zima kila kitu, weka mita kwenye ampia 10 kati ya nguzo ya hasi na waya wake, na usiguse ufunguo kabisa. Zaidi ya ampia 0.05 ni nyingi. Toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Isiposhuka kwa fyuzi yoyote, shuku vitu vilivyofungwa moja kwa moja kwenye betri, na diodi za alteneta: asubuhi gusa mgongo wake, ukikuta uvuguvugu wakati injini imelala usiku kucha, umempata.

Kufunga ulichokipata

Waya ulioungua ukate mpaka ukute shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki risasi. Tumia waya wenye unene uleule au zaidi. Unganisha kwa lagi (kiungo cha chuma cha kubana waya) iliyobanwa kwa plaizi yake, au kwa risasi, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Mahali panapotikisika sana napendelea lagi, kwa kuwa waya uliochomwa risasi hukakamaa na kukatikia pembeni ya kiungo. Fungu lifungwe lisining'inie, na kila tundu la chuma liwe na mpira wake.

Ukimaliza, rudia kipimo kilekile kilichokuonyesha ubovu, kwenye hali ileile iliyoandikwa kwenye daftari: joto lilelile, tuta lilelile, taa zilezile zikiwa zimewashwa. Taa ya shahidi iache mahali pake mpaka msimu wa mvua upite, kisha iondoe pamoja na waya wake wote hadi mwisho.